Mdomo Uliozidi Sauti

Petrafosca, 11 Aprili 1988

Mdogo wangu Canio,

Huku tu wazima, na tunaomba uwe hivyo hivyo wewe, Ornella na binti yenu. Mgongo wa mume wangu Donato umetulia. Mbwa amekufa. Pasaka tumekula mwanakondoo mgumu, maana mchinjaji wetu siku hizi anatuuzia kondoo bibi na kuapa kuwa alizaliwa Februari. Asante kwa kadi. Ilikuwa na sahihi tatu na neno moja, nami nimeshazoea.

Ninayekuandikia kwa ajili yake ni Mama. Nilimpeleka Potenza kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto linaona ukungu, la kulia linaona kidogo katikati, na daktari amesema kufika Krismasi yote mawili yatakuwa yamekwisha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akauliza swali moja tu: "Na Agosti?" Daktari akasema Agosti labda.

Aliuliza Agosti kwa sababu Padri Lucio ameahidiwa ile filamu, mikanda yenyewe kutoka Roma, na siku ya Mtakatifu Roko itaonyeshwa uwanjani kwenye shuka kubwa. Ni miaka ishirini na saba tangu waipige hapa kwetu. Wale waliocheza ambao bado wanapumua watakaa mstari wa mbele. Mama anataka kukaa hapo, wewe upande mmoja na mimi upande mwingine, amwone Baba kwa mara ya mwisho. Kwenye televisheni yetu, anasema, Baba anatoka mdogo kama kidole gumba.

Jumamosi Kuu waliirusha tena hiyo *Siku ya Karmeli*. Majirani kumi na moja walijazana jikoni kwangu, wakanimalizia divai, na kila mmoja akatoa hukumu yake. Incoronata wa duka la mkate alisema nabii Eliya ana meno mazuri, angefaa kuwa mkwe wake. Shemeji yake akasema moto ule ulioshuka mbinguni ulikuwa wa kweli, yeye alihisi joto lake. Alikuwa na miaka minne wakati ule na alikuwa amelala. Lakini pale Baba, nabii wa Baali, anapovutwa kupelekwa mtoni kuuawa, huku analia, wote walinyamaza. Incoronata naye alinyamaza, na huyo hakunyamaza hata kwenye maziko ya mumewe.

Yule kijana anayemvuta ni wewe, sina haja ya kukukumbusha. Nijibu kama utakuja. Usinitumie kadi.

Dada yako,
Eufemia

~

Torino, 22 Mei 1988

Dada Eufemia,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Ornella alikuwa na mafua yasiyokwisha, Silvia amefeli Kilatini na anaona fahari, na kiwandani wametuletea mkuu wa zamu mpya ambaye hajawahi kushika spana ila kwenye picha. Pole sana kwa habari za Mama. Mwambie nitapiga simu Jumapili.

Sasa kuhusu hiyo filamu. Dada, mimi naendesha klabu ya filamu ya wafanyakazi kila Jumatano, mwaka wa kumi na mbili huu. Nimetazama filamu mbovu za kila aina, na hiyo yenu ndiyo malkia wa zote. Nabii wa jangwani, mtu aliyelishwa na kunguru, ana mashavu ya mtu aliyelishwa nyama choma hotelini. Malkia Yezebeli anaamka asubuhi na kope za kubandika. Nguzo za ikulu ya Ahabu zinatikisika upepo ukivuma. Mvua ile ya muujiza inamwagika upande mmoja tu, kwa sababu gari la zimamoto lilikuwa moja. Na kuna nabii wa Baali, wa tatu kutoka kushoto, amevaa saa. Mimi namjua. Ni yule fundi viatu.

Halafu watu wanalia! Mwaka juzi mzee mmoja wa klabu yetu alidai tuionyeshe. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Ikaisha, taa zikawashwa, mabwana wazima waliogoma siku thelathini na tano bila kutikisika wanapangusa macho. "Lakini yule mzee, Canio, yule mzee anayevutwa! Huo ndio uigizaji!" Wanafunzi wa chuo kikuu nao, wenye miwani na sigara, wananiambia kile ni "kipande pekee cha ukweli". Wanajua nini hao kuhusu ukweli? Filamu naweza kuivumilia. Wanaoipenda ndio wanaonitia kichefuchefu, kwa sababu wanapewa plasta na rangi nyekundu, nao wanapiga magoti.

Agosti sitaweza. Kuna mambo ya kazi, na pia tumeshakodi nyumba pwani ya Liguria.

Mbusu Mama.
Canio

~

Petrafosca, 20 Juni 1988

Canio,

Sisi wazima. Mama alikaa karibu na simu Jumapili mbili akiwa amevaa gauni la kanisani. Jumapili ya tatu nikamwambia laini ya Torino imekatika.

Mambo ya kazi Agosti! Kiwanda chenu kinafungwa Agosti nzima, hata mbuzi wa huku wanalijua hilo, maana treni zote kutoka kaskazini zinatumwagia watu na masanduku. Tafuta uongo wa mtu mzima.

Padri Lucio ameweka daftari kwenye baa, karibu na mashine ya kahawa, kila aliyeiona filamu aandike maoni yake. Yatasomwa jukwaani kabla ya kuonyesha. Kwa kuwa nilikuwa posta na mwandiko wangu unasomeka, kazi ya kunakili nimepewa mimi. Nakutumia machache, wewe mtaalamu, uyacheke.

Mwalimu wa hesabu ameandika kurasa mbili kuthibitisha kuwa manabii wa Baali waliopaswa kuwa mia nne na hamsini ni sitini na mmoja, ambao wanazunguka nyuma ya jabali na kurudi. Ana haki, na hana marafiki. Mke wa meya anasema filamu "inatukumbusha tunu zetu". Yeye si wa hapa, ametoka Bari. Mjane wa yule fundi viatu anaandika kuwa ile saa ilikuwa zawadi ya harusi na mumewe alikataa kuivua hata kwa ajili ya Mungu. Hilo nililipenda. Kuna mpumbavu mmoja asiyetia sahihi ameandika: "Wana wa Baali walijiuza kwa mkate na soseji ya mortadela." Najua mwandiko wake. Ni ukoo uleule uliotubandika jina la Baali, wakati baba yao aliomba nafasi hiyohiyo akakataliwa kwa sababu ya tumbo. Mpaka leo Incoronata ananiita dukani mbele za watu, "Baali, mkate wako!" nami naitika, kwa sababu bila kuitika ningekufa njaa.

Lakini yapo maoni mengine, ya mpima ardhi wa manispaa, kijana mgeni asiyemjua mtu. Ameandika hivi: "Kijana anayemvuta mzee anasikika akisema, 'Twende, mtumishi wa Baali!' Maneno manne, lakini mdomo wake unaendelea muda mrefu baada ya sauti kwisha. Kosa la kiufundi."

Nimenakili nikaenda kwa Donato, ana ile kanda aliyorekodi Jumamosi Kuu. Tumeitazama mara sita. Ni kweli. Sauti mliwekewa baadaye kule Roma na mtu mwingine, hilo kila mtu anajua. Ila wewe siku ile ulikuwa unasema. Unasema, unasema, na Baba anakutazama, ndipo analia.

Ulimwambia nini?

Eufemia

~

Torino, 4 Julai 1988

Dada,

Sisi wazima. Joto la hapa halielezeki, lami inanata kwenye viatu. Silvia atarudia mtihani Septemba. Ornella anakusalimu na kuomba tena ile namna yako ya kukaanga pilipili kavu, zake zinaungua.

Kuhusu huyo mpima ardhi, apime ardhi. Watu wa namna hiyo wanakwenda sinema kama wakaguzi wa mita za gesi. Tulikuwa tunaambiwa tuseme chochote, tuhesabu namba, tusali, mradi midomo itembee. Mwanamke aliyecheza mjakazi alikuwa akitaja majina ya shemeji zake. Nilisema nilichoambiwa niseme. Ni miaka ishirini na saba. Nani anakumbuka?

Na hilo daftari, mwambie padri alipeleke jikoni likawashie moto. Maoni ya watazamaji! Mtu hajui kupanga foleni, anajua kupanga filamu. Wananisifia Baba. Wangemsifia akiwa hai, si kumwita Baali mpaka kwenye tangazo lake la msiba.

Usinitumie mengine.

Canio

~

Petrafosca, 11 Julai 1988

Canio,

Tu wazima, isipokuwa jicho la kushoto la Mama halioni tena hata ukungu. Jana alimimina kahawa mezani, pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Nilifuta.

Baba mwenyewe alikuwa wa kwanza kusifu, na aliyemsifu ni wewe. Kila walipoirudisha hiyo filamu alikwenda, hata Tricarico, hata kwa miguu, na pale unapotokea alimgusa bega aliyekaa jirani naye, amjue asimjue: "Mwanangu yule." Wewe kwenye maziko yake ulisimama nje ya kanisa ukivuta sigara.

Kila siku Mama ananiuliza kama umejibu. Ninamjibu posta imegoma. Nilifanya kazi posta miaka ishirini, unajua ninavyoona haya kusema hivyo?

Sitakuuliza mara ya tatu. Ulimwambia Baba nini?

Eufemia

~

Torino, 1 Agosti 1988

Dada Eufemia,

Ornella na Silvia wametangulia Liguria. Mimi nimebaki, nimewaambia nina kazi ya klabu. Hakuna kazi. Nimeanza barua hii mara nne.

Unakumbuka mwanzoni hakuna aliyetaka kuwa nabii wa Baali. Walinyolewa kichwa, nyusi na masharubu, wakapakwa rangi nyekundu kifuani, na paroko wa wakati ule alitangaza kuwa atakayecheza mpagani aungame kwanza. Baba akajitokeza wa kwanza. "Mungu anajua ni filamu," alisema. Mimi nilikuwa upande wa Israeli, nina ndevu za gundi, na wenzangu wote walinipigia kelele: "Canio, baba yako yai! Canio, baba yako yai limechemshwa!" Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda binti mmoja ambaye alicheka kuliko wote.

Siku ya kumvuta, tulirudia mara tisa. Walitaka mzee mmoja alie, uso karibu na kamera, wakamchagua yeye. Hakuweza. Unajua kwa nini? Alikuwa anacheka. Kila nilipomshika mkono, akiziona zile ndevu zangu zimeanza kubanduka, alicheka mpaka tumbo likatikisika. Alikuwa na furaha, Eufemia. Hatukuwahi kufanya kazi moja mimi na yeye, na siku ile tulikuwa tunafanya kazi moja. Mwongozaji alitupa kofia chini. Msaidizi wake, kijana wa Roma mwenye skafu ya hariri shingoni, akaja sikioni kwangu: "Wewe unamjua huyu mzee? Basi mwambie kitu kimlize."

Mara ya kumi nikamshika mkono, nikasema ile sentensi ya kwenye filamu. Kisha nikamwambia: "Jitazame ulivyo. Umenyolewa kama kondoo kwa sababu ya kipande cha mkate. Nimekuonea haya tangu niijue haya. Nikifika Torino, watu wakiniuliza, nitawaambia baba yangu amekufa."

Hilo ndilo wanaloliita uigizaji.

Walipiga makofi. Mwongozaji akambusu Baba kwenye upara. Skafu ya hariri akanipa sigara, nikaivuta. Wala sikumdanganya Baba, maana nilipofika Torino nilisema hivyohivyo. Ornella aliamini miaka miwili kuwa mimi ni yatima. Ilibidi nimfufue Baba siku ya kuandika vyeti vya ndoa.

Sasa unajua kwa nini wananitia kichefuchefu wanaolia pale. Ninakaa gizani Jumatano na mabwana wazima wanapangusa macho, na mimi ndiye peke yangu ninayesikia. Wameweka sauti nyingine juu yake, lakini mimi naisikia yangu. Huyo mpima ardhi ndiye mtu wa kwanza mwenye akili kuitazama hiyo takataka.

Nitawezaje kukaa karibu na Mama? Mwambie chochote.

Canio

~

Petrafosca, 6 Agosti 1988

Canio,

Sikusalimu. Barua yako imefika kwa haraka, nimeisoma nimesimama, nimeitia kwenye jiko na nimekaa mpaka imekuwa jivu, kwa sababu Donato huwa anatafuta miwani yake kila mahali. Nililia, wala si kwa ajili yako.

Nilikuuliza kwa kuwa Baba alitusimulia uliyomwambia, jioni ileile, bado ana rangi nyekundu kwenye masikio, anakula supu. Mama akamwuliza kwa nini macho yamevimba. Akaweka kijiko chini, akatueleza neno kwa neno yale ambayo mwanawe alimwambia mbele ya kamera, na kwamba alishindwa kujizuia. Siyo hayo uliyoniandikia. Mama aliyaamini siku ileile. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilikuwa nakujua, sikuyaamini hata usiku mmoja, lakini sikuwa na pa kushika. Sasa ninapo.

Miaka kumi na mitatu aliyoishi baada ya hapo, Mama alikuwa akimwuliza: mbona mtoto hatimizi? Naye ana jibu kila mwaka. Nyumba ni ndogo. Kazi ni ya zamu. Mtoto mchanga analia, mzee hatalala. Mwaka ujao, Addolorata, mwaka ujao. Alikutetea kwa ahadi aliyokutungia mwenyewe. Mpaka wiki ya mwisho, hospitalini, alimwambia Mama: "Angeniita, tatizo ni mapafu yangu, baridi ya kule ingeniua."

Wewe unawadharau wanaolia kwa kuwa hawajui. Umedharau uwanja mzima, klabu nzima, wanafunzi, padri, mjane na saa ya mumewe. Nakuona umejipatia tiketi ya bei rahisi sana: ukimcheka kila anayeipenda ile filamu, huna haja ya kuitazama. Mtaalamu! Baba alikuwa na darasa la pili, na kwa sahani moja ya supu alitunga kitu kilichomshika mwanamke mwenye akili miaka ishirini na saba.

Utakuja. Treni ya tarehe kumi na nne, Donato atakupokea Potenza. Tarehe kumi na sita utakaa upande wa kulia wa Mama, kwa kuwa jicho hilo ndilo bado linaona kidogo. Uso wa Baba huenda akauona. Mdomo wako hatauona, ni mdogo mno. Kwa hiyo tukifika pale atakushika mkono na kukuuliza ulimwambia Baba nini. Amekuwa akisubiri kulisikia jibu kutoka kwako, na ameniambia hilo ndilo analolitaka kuliko filamu. Hutamwambia ukweli. Ukweli wako ubaki huko huko Torino, Jumatano, gizani. Hutalia, hutakohoa, hutaongeza hata neno moja la kwako.

Sijakusamehe na sidhani kama nitaweza. Maneno ya Baba nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, kama alivyoyasema. Yakariri ndani ya treni.

Eufemia

*(nyuma ya karatasi)*

"Baba, vumilia kidogo, ni mara ya mwisho hii. Nakushika polepole, nakuumiza? Watu wacheke wanavyotaka. Nikipata kazi Torino nitakodi nyumba yenye vyumba viwili, nami nitakuja mwenyewe kukuchukua, wewe na Mama, nimwambie kila mtu kule: huyu ndiye baba yangu."